Dawa ya Bure ya Kurban

Sehemu ya tisa

Mlango ulifungwa kwa ufunguo, na aliyeufunga ni Nassibu, mwenyekiti wa Ushirika. Hapo ndipo tulipomwacha Nunu Jumapili iliyopita, kakaa mbele ya kompyuta iliyokufa, na baadhi yenu mkaniletea barua za kunisuta kwamba nimewakatisha utamu. Haya, mlango ndio huo, tuingieni.

"Bukene nako kumekufa," alisema Nassibu.

"Kafa nani Bukene?"

"Mashine. Kompyuta ya kinu cha mpunga. Saidi wa kinuni kapiga simu ya reli asubuhi hii. Anasema kaiwasha, ikaandika yale yale yaliyoandikwa na hii yako, kisha kimya. Na ya masista kule Ipole hivyo hivyo. Mashine tatu, Bi Nunu, na hii yetu ikiwa mojawapo."

Nunu alikuwa amefunga, koo limemkauka, na macho yanamuuma kwa kukesha akijaribu kuifufua ile mashine. Alichotaka duniani ni kulala chini, sakafuni pale pale, hata bila mkeka.

Kwa aliyelikosa gazeti, hadithi ni fupi. Mwaka huo wa themanini na tisa kompyuta za mkoa mzima wa Tabora ungeweza kuzihesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Ushirika walipewa yao na wafadhili, wapiga chapa wao Nunu na Bimdogo wakaandika humo uzito wote wa tumbaku ya wakulima. Kisha kikaingia kirusi. Kirusi ni programu ndogo aliyoiandika mtu mmoja mbaya huko aliko. Inajificha kwenye disketi, disketi inaingia mashineni, mashine inaambukiza disketi nyingine, na mwisho wake kila kilichoandikwa kinafutwa.

Akatokea Kurban, kijana wa Mzee Jaffer mwenye duka la vitambaa, akawaazima disketi yenye programu ya kuwasafishia mashine. Hakutaka chochote. Disketi ikapita Ushirika, ikarudi kwake, akaipeleka Bukene kwa treni na Ipole kwa lori la tumbaku. Na sasa wagonjwa wote waliotibiwa wamekufa.

"Unajua mashine zote tatu zilipitiwa na kitu gani?" aliuliza Nassibu.

"Najua."

"Kitaje."

"Disketi ya Kurban. Lakini ile ni dawa, Ndugu Mwenyekiti."

"Dawa gani inayoua wodi nzima?" Nassibu alikaa juu ya robota la tumbaku lililokuwa pembeni, akavua kofia, akajipepea nayo. "Kijana yuko kituoni tangu alfajiri. Wamemwandikia hujuma."

Neno lile kila mtu Tabora alilijua tangu ule msako wa walanguzi. Kuna majumba mtaa wa Gongoni hadi leo ukilitamka sebuleni watu wanaondoka mmoja mmoja.

"Hujuma ya nini? Kakupa kitu bure!"

"Hapo hapo ndipo panaponisumbua." Nassibu alimnyooshea kofia. "Mimi nimezaliwa mji huu. Duka la Jaffer nalijua tangu navaa kaptura. Hata kamba ya kufungia mzigo walikuwa wanakuuzia. Leo mtoto wao atoe kitu bure? Bure ya nini?"

"Miaka yote hii tumeimba tugawane. Mtu kagawa, tumemfunga."

"Usinichoshe na siasa, Bi Nunu. Siasa ni kazi yangu, na mimi mwenyewe imenichosha." Alilitazama dirisha. Nje, chini ya baraza la godauni, wakulima walikuwa wamelala juu ya mizigo yao, wengine siku ya pili pale. "Watu wale wanataka uzito wa tumbaku yao. Karatasi za mizani zililowa godauni lilipovuja. Mashine imefuta. Niwaambie nini? Wanataka mtu. Saa kumi bodi inakaa ukumbini na afande atakuwepo. Utasimama useme mashine ilikuwa nzima, ikaingia disketi ya Jaffer, mashine ikafa. Basi. Sikuombi utie chumvi."

"Haikuwa nzima. Ilikuwa na ugonjwa tayari, ndiyo maana tukaomba dawa."

"Hilo hawatalielewa."

"Na nikilisema hata hivyo?"

Nassibu alivaa kofia yake polepole.

"Basi watauliza ni nani mwingine anayeigusa mashine ile. Na mnaoigusa mko wawili tu. Wewe na Bimdogo."

Akafungua mlango, akatoka.

*

Nunu alikwenda kituoni kwa miguu, jua la saa sita likimpiga utosini. Mama muuza nyanya wa pale njia panda akamwamkia kwa Kinyamwezi kama kila siku. "Mwangaluka!" Nunu akaitikia bila kugeuka, akapita.

Nje ya kituo alimkuta Dolatbai, mama yake Kurban, amekaa kwenye benchi na kikapu miguuni. Alikuwa ameshikilia chupa ya chai kana kwamba kuna mtu atakuja kumnyang'anya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nunu. Mwanangu amefunga. Nimemletea ya magharibi, wananiambia magharibi bado. Nikawaambia najua bado, nitakaa." Alimshika mkono. "Mwaka ule walipomchukua baba yake nilikaa benchi hili hili. Mimi na Bimdogo. Yeye mumewe Humaidi yuko ndani, mimi wangu yuko ndani. Tulikuwa tunagawana kivuli."

Nunu alikuwa hajui kuhusu kivuli hicho. Alikuwa anajua tu kwamba Humaidi alichukuliwa enzi za msako wa walanguzi kwa makasha ya sabuni, na kwamba aliporudi hakuwa tena mtu wa kukaa na watu, hadi akafa.

Polisi wa mapokezi aliwapa Nunu na Kurban muda mfupi, kaunta ikiwa katikati yao, na yeye mwenyewe akabaki pale pale na kalamu. Kurban alitoka bila mkanda wala viatu. Ana miaka ishirini, miwani yake imepinda upande mmoja, na bado alijaribu kutabasamu.

"Dada Nunu, sitaki pole. Nataka unijibu kitu kimoja. Kile kibandiko kilikuwepo?"

"Kibandiko kipi?"

"Pembeni mwa disketi pana kipengo kidogo kimekatwa. Ukikiacha wazi, mashine inaweza kusoma na kuandika. Ukikiziba kwa kibandiko, mashine inasoma tu, haiwezi kuandika humo hata nukta. Mimi nilikiziba. Disketi iliyozibwa, hata ukailaza kitanda kimoja na kirusi, haiambukizwi. Ndiyo kinga yake."

"Nakumbuka. Ulituambia tusikibandue."

"Niliwaambia mambo mengi. Msiwashe mashine na disketi ya mgeni ndani. Kila disketi inayoingia ipimwe kwanza, hata iwe ya nani. Wekeni nakala mbali. Yote hayo hayana gharama. Nayo programu yenyewe aliyeitengeneza simjui, mtu wa mbali huko, kaandika ndani yake kwamba atakayeipata asiiuze, ampe na mwenziwe. Nikampa mwenzangu." Alimtupia polisi jicho. "Afande ananiuliza nimenufaika nini. Nikisema sikunufaika, anaandika kwamba nakataa kujibu."

Polisi akageuza ukurasa.

"Sasa sikiliza," Kurban alishusha sauti. "Mimi nilibandika cha rangi ya fedha. Disketi iliporudi kutoka kwenu ilikuwa na kibandiko cheusi. Nilikiona. Nikajisemea Ushirika wamenibadilishia, wema wao. Sikuipima. Mimi ninayewahubiria watu wapime kila disketi, yangu sikuipima, nikaipandisha treni kwenda Bukene. Kosa langu ni hilo."

"Kwa hiyo ilibanduliwa kwetu."

"Ilibanduliwa, ikaambukizwa, ikazibwa tena. Na yote yalitokea mle ofisini mwenu."

"Mimi sikubandua, Kurban."

"Najua."

Wakatazamana. Hakuna aliyetaja jina. Kurban alikuwa wa kwanza kuinamisha uso.

"Usilitaje humu," alinong'ona. "Yule mama alinipakata hapo hapo mama yangu alipokuwa anakesha, kwenye benchi hilo la nje. Mimi nilikuwa mkubwa tayari, naona haya kupakatwa, akanipakata hivyo hivyo. Afadhali nikae mimi."

"Muda umekwisha," alisema polisi.

Nami nawaambia, wasomaji, kuna watu wakiwa wema wanakuongezea mzigo badala ya kukupunguzia. Nunu alitoka pale mzigo umekuwa maradufu.

*

Bimdogo aliishi Gongoni, nyumba ya ua mpana. Nunu alimkuta jikoni anamenya viazi vitamu vya futari, karanga za kutwanga ziko kwenye kinu. Mama mwembamba, mweupe, vidole vimepinda kidogo kwa kupiga chapa tangu kabla ya Uhuru. Mwisho wa mwezi anastaafu, na Ushirika walikuwa wameahidi kumfanyia sherehe.

Ndiye aliyemchukua Nunu alipofiwa na mume, mtoto mgongoni, cheti cha darasa la saba mkononi. Alimfunga macho kwa kanga, akamwambia, "Zitafute herufi kwa vidole, mwanangu, macho ni ya kuangalia wezi." Kila alichonacho Nunu, mshahara, chumba, ada za watoto, kilianzia kwenye kanga ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenyauka! Mfungo huu umekukamata kweli. Kaa hapo kwenye kibao. Nimesikia habari za mtoto wa Dolatbai, moyo wangu unakwenda mbio tangu asubuhi. Watamwachia lini?"

"Mama, ile disketi yake. Siku uliyomrudishia, uliirudishaje?"

"Kwa mkono wangu. Nilipita dukani kwao nikitoka kazini."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwaje vipi?"

"Ilikuwa kama alivyotupa?"

Bimdogo aliacha kumenya. Akamtazama Nunu kama mtu aliyetukanwa kwake.

"Ilikuwa na kitu ndani, bila shaka! Ulidhani nitamrudishia Dolatbai chombo cha mwanawe kitupu? Mimi nimelelewa na watu, Nunu."

Hapa sina haja ya kueleza sana, maana nanyi mmekulia humu humu. Jirani akikuletea bakuli la mchuzi, bakuli lake halirudi tupu. Litarudi na maandazi, na matembele, na kama huna kitu kabisa litarudi na chumvi. Anayerudisha bakuli tupu anasemwa hadi kwa wajukuu.

"Uliweka nini, mama?" Sauti ya Nunu ilikuwa ndogo.

"Imsakia. Saa za daku na za kufuturu za hapa hapa Tabora. Watu wanasikiliza redio, redio inaadhini magharibi ya Dar es Salaam, wanafungua na jua letu bado linawatazama. Nikaona hiyo ndiyo zawadi ya mwezi huu. Nikaipiga vizuri, mistari imenyooka, nikaitia humo kwenye disketi yake." Alitabasamu. "Mwanzo ilikataa. Ikaandika imezuiwa. Nikarudia, ikakataa. Nikaitazama ile disketi huku na huku, nikaona pembeni pana kikaratasi kimeganda. Nikakibandua kwa ukucha, ikakubali."

"Kisha?"

"Kisha nikaziba, nisije nikaonekana nimeharibu kitu cha watu. Kile cha kwanza kilikuwa kimechanika, nikakata utepe mweusi wa fundi umeme. Ukapendeza."

"Na mashine, mama? Wakati unaandika hiyo imsakia, ulikuwa umeshaisafisha kwa dawa?"

"Ningeisafishaje kabla sijaandaa cha kurudishia? Nitumie dawa ya mtu na mkono mtupu? Niliandika kwanza. Nilipokwisha ndipo nikatibu."

Nunu alifumba macho. Mambo yote yalikuwa yamejipanga. Dawa ilivuliwa kinga yake, ikatiwa kwenye mashine inayoumwa, ikaambukizwa, halafu ikatumika kutibu. Tangu saa ile kila aliyeipokea alipokea ugonjwa, na ulipelekwa kwa adabu zote.

"Mbona unanitazama hivyo?"

Nunu akamweleza. Alieleza taratibu, kwa maneno mepesi, kama Bimdogo alivyokuwa akimweleza yeye zamani. Kisu kilibaki hewani. Kilipotua mezani hakikutoa sauti.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Bimdogo.

"Hukujua, mama."

"Humaidi naye hakujua kilichomo. Makasha yalikuwa ya rafiki yake, kaombwa ayahifadhi, kayahifadhi. Walimuuliza nani mwenye nayo, akamficha mwenziwe, akasema sijui. Wakaandika." Aliificha mikono chini ya kanga. "Nilisimama kwenye lango lile la kituo hadi miguu ikavimba. Mimi sirudi pale, Nunu. Siwezi. Mtu wa umri wangu, wiki mbili kabla ya kustaafu, nikaulizwe nimetumwa na nani?"

Akamtazama Nunu usoni.

"Utawaambia?"

Na hapa, wasomaji, laiti ningekuwa na uwezo wa kuingia kwenye hadithi yangu mwenyewe, ningemziba Nunu mdomo kisha nikaufungua upya. Kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alikuwa ameshaamua kitambo, tangu aliposikia habari ya ukucha. Angesema ni yeye. Yeye bado ana nguvu, akifukuzwa atapika maandazi, akiwekwa ndani siku chache atatoka. Uzembe wa mpiga chapa hauitwi hujuma. Kurban atoke, Bimdogo astaafu na sherehe yake, yaishe.

Lakini alijua akilisema hilo pale jikoni, Bimdogo atamshika nguo, atakataa, watalia wote wawili, na Nunu hakuwa na nguvu za kulia. Alikuwa amechoka. Hicho tu. Uchovu wa kawaida wa mwanamke aliyekesha, aliyefunga, aliyetembea juani.

Akainuka.

"Ngoja nikafikirie, mama," alisema, na akatoka zake.

Bimdogo alibaki kakaa na viazi vyake, akiutazama mlango.

*

Kutoka Gongoni, Nunu hakwenda ukumbini moja kwa moja. Alipita tena kituoni kumwambia Dolatbai arudi nyumbani akaandae futari, mwanawe atafungua naye. Lakini benchi lilikuwa tupu. Polisi alisema yule mama kaja kuchukuliwa.

"Na nani?"

"Mama mwenziwe. Wameondoka wanalia."

Nunu alifurahi. Akadhani ni jirani yao wa dukani. Akaingia msikiti wa karibu, upande wa wanawake, akaswali alasiri, na alipokwisha akakaa kidogo akiegemea ukuta. Ukuta ulikuwa wa baridi. Alisinzia.

Alipozinduka saa kumi ilikuwa imepita.

Alikimbia. Alipofika ukumbini wakulima walikuwa wamejaa hadi madirishani, na wajumbe wa bodi wamekwisha kukaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Afande alikuwa pembeni ya Nassibu, mtu mnene mpole, anajifuta jasho. Nunu hakutazama nyuma wala kando. Alikwenda mbele akasimama, kwa sababu alijua akikaa kwanza hatainuka.

"Umechelewa, Bi Nunu," alisema Nassibu.

"Nisameheni. Naomba niseme mara moja."

Nassibu alifungua mdomo, afande akamgusa mkono. "Mwache aseme."

"Mashine yetu ilikuwa inaumwa kabla disketi ya Kurban haijaingia. Disketi ilikuja ikiwa nzima, imekingwa. Kinga yake ilibanduliwa kwenye ofisi yetu, kwa kutojua, ili iandikwe kitu ndani. Hapo ndipo ilipoambukizwa. Kurban hana kosa. Bukene na Ipole ziliuawa na mkono wa hapa hapa." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Na mkono wenyewe ni wangu."

Alisubiri kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Madirishani walinong'ona tu. Kwenye meza hakuna aliyeshtuka. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyesikia habari ya msiba aliokwisha kuuzika.

"Tunajua," alisema Nassibu.

"Mnajua?"

"Bimdogo alitutangulia. Alikuja kabla ya saa kumi, akakaa na afande, akatueleza yote. Imsakia, utepe mweusi, yote. Anasema alikuona kwa macho yake unaibandua. Anasema alikukataza, hukusikia."

Nunu alidhani ni njaa. Masikio ya mtu aliyefunga huweza kusikia mambo. Akageuka.

Bimdogo alikuwa safu ya nyuma, baibui limemfunika hadi kwenye paji. Pembeni yake alikuwa Dolatbai, amemshika mikono yote miwili na anaibusu, anaibusu tena, machozi yanamtiririka, kwa sababu ndiye aliyemwokolea mwanawe. Bimdogo alikuwa anaitazama sakafu.

Nunu alielewa. Alielewa yote kwa mara moja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bimdogo asingeweza kumwacha mtoto wa Dolatbai mle ndani. Asingeweza kuwekwa nyuma ya lango lile yeye mwenyewe. Nunu naye alitoka jikoni bila kumjibu. Mama wa watu akahesabu kwamba anakwenda kusemwa, akawahi.

Neno moja tu. Angesema neno moja tu pale jikoni.

Sasa hata akipiga kelele kwamba ni uongo, nani atamsikiliza? Kakiri mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima, hajalazimishwa na mtu. Maneno ya Bimdogo na ya kwake yamelingana.

"Kijana wa Jaffer aachiwe," alisema afande. Kule nyuma Dolatbai alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. "Sasa tumalize la huyu. Bi Nunu, umesema ulibandua kwa kutojua. Nakuuliza, mtu aliyekosea bila kujua, huwa anarudi akaziba kosa lake kwa utepe mwingine, kisha akanyamaza mashine zikafa moja baada ya nyingine? Mbona mimi naona ni mtu anayeficha?"

Jibu la kuaminika alikuwa nalo mtu mmoja tu mle ukumbini, na kulisema ni kujitaja.

"Uzembe una adhabu yake, ni barua ya kufukuzwa kazi, unakwenda nyumbani kwako," aliendelea afande kwa sauti ile ile ya upole. "Kusudi ni jambo jingine. Nisingependa kukuonea. Shahidi aliyekuwa na wewe ofisini yupo, tumuulize." Alinyoosha shingo. "Mama Bimdogo! Njoo hapa mbele. Utuambie alipokuwa anabandika ule utepe, alikuwa amekosea, au alikuwa anajua anachokifanya?"

Dolatbai aliachia ile mikono, akamsukuma mwenzake begani kwa upole, nenda, nenda dada yangu, kaseme.

Bimdogo aliinuka. Alipita katikati ya viti akishikilia kila mgongo wa kiti, akaja akasimama karibu kabisa na Nunu, mabega yao yakagusana. Alinukia karanga. Nunu alisikia pumzi yake inavyokatika.

"Mwanangu," Bimdogo alimnong'oneza bila kugeuka, "una watoto wangapi vile?"

Kisha akainua uso, akamtazama afande, na akaanza kusema.